Toba ya Mchoma Mkaa

Jailosi Mtambalika hakuzaliwa mchoma mkaa. Alikuwa kibarua wa tumbaku mpaka tajiri wake alipofunga mabanda, naye umri ulikuwa umeenda, ana mke na watoto wa kulisha. Akanunua baiskeli, akaichomelea nondo kwenye fremu na keria, akaanza kusukuma magunia ya mkaa kutoka vilima vya wilaya ya Neno hadi mjini Blantyre. Mimi sitamsafisha. Vilima vile leo vina upara, na mikono yake imo.

Lakini nilikuwapo sokoni siku Mheshimiwa Kadzombe alipokuja kuomba kura. Alipanda juu ya gari, akapaza sauti: "Sheria inayomnyima mtoto chakula si sheria! Mkinichagua, hakuna askari atakayegusa baiskeli zenu!" Wachoma mkaa walimsindikiza hadi njia panda, kengele zikilia, Jailosi mbele na bendera ya chama. Kadzombe akashinda, akapewa uenyekiti wa kamati ya misitu.

Mvua za kwanza hazijakatika, askari wa misitu wakamkuta Jailosi amepumzika kando ya barabara, magunia yamelala majanini.

"Ya nani haya?"

"Baiskeli ni yangu. Magunia nimeyakuta."

"Na hilo sizi usoni nalo umelikuta?"

Walicheka, wakapakia vyote. Kesi hawakufungua, maana hakuna aliyemwona akichoma wala akibeba, naye hakukiri. Baiskeli ikakaa uani kwenye ofisi ya wilaya, haitaifishwi wala hairudishwi.

"Nenda kwa huyo uliyembebea bendera," mkewe Elifa alimwambia. "Au ulimi ule alikuwa ameuazima?"

Alimkuta Mheshimiwa kwenye sherehe ya kupanda miti. Nyuma ya shule wanawake walikuwa wakisonga nsima, ugali wa kwetu, na kuchemsha mbuzi kwa mkaa. Jailosi akasimama ghafla. Magunia yalikuwa yameshonwa midomo kwa magome mabichi, vile vile ashonavyo yeye.

"Shemeji, unatutazama kwa njaa au kwa mapenzi?" mpishi mmoja akamtania.

"Mkaa huo ni wangu."

"Nyamaza wewe! Huu wa serikali. Ona unavyowaka, hata moshi unaogopa kutoka."

Jailosi akamwendea Kadzombe. "Mheshimiwa, ule mkaa jikoni..."

"Ulikamatwa, sasa ni mali ya serikali. Kuutumia ni halali kabisa."

"Na yale uliyotuambia sokoni, baba?"

"Sokoni nilisema lililo haki. Hapa nimekalia kiti, nafanya lililo la sheria. Usichanganye mambo, mzee wangu." Kisha akamshika bega. "Lakini mimi si jiwe. Simama mbele ya watu useme uliharibu msitu na umetubu. Panda mche mmoja. Ukimaliza, baiskeli yako unarudishiwa."

Jailosi alisimama. Naamini alitubu kweli, kwa sababu sauti ilimkatika alipotaja mito iliyokauka. "Mimi ndiye niliyekata," alisema. "Hata magunia yaliyokamatwa ni yangu. Nisameheni." Watu walipiga makofi. Kadzombe akamkumbatia mbele ya kamera, mkuu wa wilaya akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Alipokwenda kuchukua baiskeli, karani hakuinua hata macho. "Si ulikiri mwenyewe mbele ya mkuu wa wilaya? Basi hiyo ni ya serikali. Itauzwa kwa mnada."

Alilikimbilia gari la Kadzombe lililokuwa likitoka langoni mwa ofisi. Kioo kilishuka nusu.

"Baba, uliniahidi."

"Moyo wangu unataka, Jailosi. Kama usingekiri ningekusaidia. Sasa sheria imenifunga mikono." Kioo kikapanda.

Siku ya mnada kila kitu kilifuata utaratibu: tangazo lilibandikwa, mihuri ikagongwa. Sijaona wizi uliokamilika kisheria kama ule.

Jailosi hajakata mti tena. Hana cha kubebea. Elifa anavunja kokoto barabarani, naye humsaidia kupanga mafungu. Kwenye mikutano Mheshimiwa humtaja kuwa mfano wa raia aliyebadilika. Ni kweli, amebadilika. Siku hizi ukimsalimu tu, "Umeamkaje, Jailosi?", hutazama kwanza ni nani mwingine anayesikiliza, ndipo ajibu.