Sentensi ya Mwisho ya Ndugu Yangu

Ndugu yangu mdogo alikuwa akitunga kitabu kuhusu watu wa sayari nyingine wanaovamia Tseikuru, na mimi, fundi wa cherehani wa Kalamba niliyeishia darasa la nane, ndiye niliyekuwa mkono wake. Sukari ilikuwa imemmaliza macho. Yeye anasema, mimi naandika. Usinicheke. Hata mimi mwanzoni nilimuuliza, "Kwani hao watu wameikosa Nairobi yote ile, waje kutua Tseikuru kwa mbuzi?"

"Ndiyo maana," akasema. "Nani atapiga simu kule? Netiweki hakuna."

Kabla macho hayajaisha alikuwa na kibanda cha gemu za video pale Kiboko, kando ya barabara kuu. Televisheni mbili, benchi mbili. Madereva wa malori wakipumzika waliingia humo kupigana vita vya kwenye skrini, watu wazima na matumbo yao, wakipiga kelele kuliko watoto. Kanisani tuliambiwa kibanda kile kinaharibu watu. Nikaitikia amina kwa sauti, na ndugu yangu ameketi mstari wa nyuma ananisikia. Hilo nalo ninalo moyoni.

Kitabu chenyewe kilitoka humo kibandani. Wageni wa angani wanakuja kunyonya maji yaliyojificha chini ya mchanga wa mito yetu. Jeshi linashindwa. Wanaogundua siri ni madereva: vile vyombo vinaruka kwa mtindo uleule wa gemu waliyocheza Kiboko, kushoto mara mbili, vinasimama, kisha kulia. Basi wanapigana kwa zamu, kama mwethya, vile sisi hukusanyika kuchimba matuta katika shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Dereva mmoja akichoka vidole, mwingine anashika. Hapo niliandika huku nacheka peke yangu. Wee, yule mtu alikuwa na kichwa!

Kisha daktari akatuambia figo nazo zimechoka. Ndugu yangu akaacha kuzungumzia kitu kingine chochote. "Dada, nisife kabla ya mwisho," aliniambia, na hakuwa anatania. Kila alasiri nikawa nafunga cherehani mapema, napanda kwake na daftari. Tulikuwa tumefika daftari la saba.

Ubaya niliufanya mimi mwenyewe. Akina mama wa ushirika wetu walikuja kumwombea, na mmoja wao akaokota daftari mezani, akasoma kidogo, akaniita nje. "Hawa si wageni, hawa ni aimu," akasema, yaani mapepo. "Mtu aliye karibu kuonana na Mungu anaachaje maneno kama haya duniani?" Nilimjibu kwa ukali, nikamwambia ashike ya nyumbani kwake. Lakini alipoondoka maneno yake hayakuondoka naye.

Mwisho wa kitabu ulifika siku ya Alhamisi. Dereva mzee anaweka chini pedi yake ya gemu, anashuka kwenye lori, anatembea juu ya mchanga hadi kwa mkubwa wa wageni, na kumwambia sentensi moja. Moja tu. Mgeni anainamisha kichwa, na wote wanaondoka. Ndugu yangu aliisema sentensi ile polepole, kidole kikigonga goti kwa kila neno. Ilikuwa fupi, na ilikuwa nzuri. Mungu hakutajwa ndani yake.

Nami nikaandika: "Kwa jina la Yesu, shindwa!"

Haki ya Mungu, nilidhani namwokoa. Nilimwona mbele ya kiti cha hukumu, anaulizwa kitabu chake kiliisha vipi, na nikataka awe na jibu.

"Nisomee," akasema.

Nikainua daftari mbele ya uso kana kwamba ananiona, nikamsomea ile yake. Wakati huo nilikuwa nayo bado kichwani, neno kwa neno. Akacheka hadi ufizi ukaonekana. "Ndiyo hiyo," akasema. "Sasa nipe uji." Jumatatu iliyofuata tulimpoteza.

Mazishi yana kazi yake. Hema, masufuria, muthokoi wa mahindi na maharagwe wa kulisha umati, watu wa kupokea na kusindikiza. Nilijiambia mambo yakitulia nitafungua daftari, nifute langu, niweke lake. Hayakutulia hadi mahindi yakafika magotini. Siku niliyoketi na peni, sentensi haikuja. Nilijua ina neno maji ndani yake. Au labda ni kiu. Nilikwenda hata kukaa kwenye kiti chake kilekile, nikagonga goti langu kwa kidole. Wapi! Nilijichukia siku ile, na bado.

Binti yake wa kwanza yuko kidato cha pili. Kwa desturi yetu alipewa jina la mama yetu, kwa hivyo mimi humwita mwaitu, mama yangu, na baba yake alimwita hivyo pia. Likizoni alikuja kwangu, akasoma madaftari yote saba kwa siku mbili, ameketi karibu na cherehani. Nilimsikia akicheka penye madereva. Kisha akafika ukurasa wa mwisho, akaweka kidole juu ya mstari.

"Anti, hapa si baba anayeongea."

Ningeweza kumdanganya. Ulimi ninao. Lakini unamdanganyaje mtoto uliyemwita mama tangu azaliwe? Nikamweleza yote, hadi yule mama wa ushirika, hadi uji. Hakunigombeza. Akatoa peni yake ya shule, akakata mstari juu ya maneno yangu.

"Sawa," akasema. "Alisema nini?"

"Sikumbuki, mwaitu."

Akangoja. Alidhani bado nafikiria. Alipoona machozi yangu yanadondokea sare za watu ndipo akaelewa.

"Baba alijua umeandika ingine?"

"Hapana."

Akafunika peni yake. "Basi alikufa akidhani amemaliza," akasema.