Saa Iliyosahaulika Ndani ya Chumba cha Hewa

Wiki moja baada ya kumzika mama yangu, miaka ile ya sabini, niliondoka Suneka asubuhi bila kujua ninakokwenda. Sikulia wala sikuaga. Nilitembea, lori la majani chai likanisogeza, na jioni nikajikuta Magwagwa.

Nilibisha kwenye boma moja kuomba maji. Mwenyewe, mzee Msabato, alikuwa ameketi nje, mguu umefungwa bendeji na kuwekwa juu ya kigoda. Mkewe aliniletea maziwa ya moto.

"Chai tunalima, hatunywi," alisema mzee. "Tunawauzia nyinyi wenye dhambi."

Aliniuliza nimefanya kazi gani. Nilizitaja zote, hadi ile ya Mombasa, ya kusafisha chumba cha chuma wanamotibiwa wapiga mbizi. Hapo akaacha utani. Alifungua shati akanionyesha uvimbe kifuani, mashine aliyowekewa Nairobi chini ya ngozi ili iuendeshe moyo wake. Sasa kidonda cha mguu kilikuwa kimekataa kupona kwa sababu ya sukari. Ama madaktari wamkate mguu, alisema, ama wamfungie katika chumba kama kile, avute oksijeni huku hewa ikishindiliwa. Lakini hakuna daktari aliyejua kama mashine ingestahimili.

"Uliona mtu mwenye kitu hiki akiingia?"

"Hapana, tata," nilijibu, nikimwita baba kwa Kikisii.

"Na vitu vingine? Vilitoka vizima?"

Nilimwambia kuwa siku moja nilisahau saa yangu humo. Ilitoka imesimama, kioo kimebonyea na kupasuka. Nilisema hivyo kama mtu anayesema mvua imenyesha.

"Saa si moyo," mkewe alinikemea. "Uliinunua wapi?"

"Sokoni, mama."

"Si unasikia? Ya sokoni."

"Na hii yangu sijui ya soko gani," alisema mzee, akifunga vifungo. "Wakate. Mguu mmoja utanifikisha kanisani."

Mkewe alichukua kikombe changu, ingawa kilikuwa bado na maziwa.

"Kesho tutakwenda hospitali," mzee aliniambia. "Ng'ombe unaweza kukamua?"

"Naweza."

Akanionyesha esaiga, nyumba ya mwanawe aliyekuwa kazini Kericho. Mlikuwa na kitanda cha kamba na blanketi moja. Nilijilaza na viatu, nikasubiri nione uchungu, kwa ajili ya mzee au ya mama yangu. Niliwasikia ng'ombe tu, wakicheua.