Shanta Jepesi Kuliko Jogoo

Juzi pale sokoni Busia ukanda wa ndala yangu ulikatika, nikalazimika kukaa kwenye kigoda cha fundi viatu, mguu mmoja umekanyaga kipande cha boksi. Fundi akatoa uzi, akaupitisha taratibu kwenye donge la nta ya nyuki, na harufu ile ikanipanda puani kabla sijajiandaa. Nta, moshi kidogo, na utamu wa asali iliyokwisha kuliwa zamani.

“Mama, wewe nalia? Kiatu nashonwa tu,” akasema.

Nikamwambia ni vumbi. Vumbi gani, na mvua ilikuwa ndiyo kwanza imekatika!

Basi niwaambie nyinyi nisichomwambia fundi. Harufu ile ni ya baba yangu, akiwa amekaa uani kwetu kijijini Kwapa, karibu na Tororo, na shanta lake mapajani, sindano ya magunia mdomoni, akishona mfuko wa kumpeleka mbali nami.

Baba alikuwa Mteso, mama Msamia wa upande wa Busia. Kila mmoja aliiona lugha ya mwenzake ngumu, wakakutana katikati kwenye Kiswahili cha barabarani, kile cha “mimi nakwenda, wewe nabaki.” Ndicho nilichonyonya. Mama alifariki miaka ile ya mwanzo baada ya Uhuru, mimi nikiwa na pengo la meno ya mbele, na nyumba ikanyamaza. Mama ndiye aliyekuwa akiimba akipepeta mtama, akigombana na kuku, akimcheka baba hadi naye anacheka. Alipoondoka, nilikuwa nikisikia hata kijiko kikiwekwa chini.

Shangazi Amoding, dada mkubwa wa baba, alihamia kwetu kunilea. Alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini maneno alikuwa nayo machache, na mengi ya hayo aliwapa kuku. Sikuwa na ndugu, wala jirani wa umri wangu. Nilikuwa na baba tu, na baba alikuwa mwindaji.

Zamani alitoka na mbwa alfajiri akarudi jioni na kanga au paa. Lakini mashamba yalikuwa yamekula vichaka, wanyama wakahama. Sasa kila kiangazi, mtama ukishavunwa, yeye na rafiki yake Othieno wa Kirewa walipanda treni Tororo hadi Soroti, kisha wakaingia kwa miguu kwenye nyika za mbali, huko kwa kongoni na swala. Waliwinda, wakaikausha nyama kwa moshi, wakaja nayo mgongoni. Safari moja ilikula mwezi mzima au zaidi, na mimi nilibaki na shangazi na kuku wake.

Shanta lenyewe lilitoka kwa mzee mmoja wa Rubongi aliyepigana vita vya Wazungu akarudi nalo. Lilikuwa turubai nene la kijani, vifungo vya shaba, mifuko kila upande, na nyuma fremu ya chuma. Likiwa tupu lilinishinda kulinyanyua. Baba alilizunguka kama mtu anayetafuta pa kumkamatia ng'ombe mkorofi, akasema, “Ratili ya mfuko ni ratili ya nyama umeachia fisi.” Kisha akatoa kisu.

Mzani hatukuwa nao. Tulikuwa na jogoo. Jogoo mwekundu, mwenye majivuno, aliyenifukuza kila nilipokwenda chooni. Baba alimbeba mkono mmoja na shanta mkono wa pili, akafumba macho, akapima. “Shanta tupu ikishinda jogoo, haiendi safari,” alisema. Siku ya kwanza jogoo alishindwa vibaya, akapiga kelele hadi shangazi akatoka nje na mwiko.

Fremu ya chuma ilitoka kwanza, ikawa kichanja cha kukaushia vyombo. Mahali pake baba aliweka fito mbili za mianzi alizozichonga na kuzikunja polepole juu ya moto hadi zikafuata mgongo wake. Mifuko ya pembeni akaikata. Vifungo vya shaba vikaondoka, zikaja kamba za katani. Mikanda ya mabega aliifuma pana, akaishindilia pamba ya shamba letu, akaifunika kwa kipande cha leso ya mama, ile ya rangi ya embe. Hilo alilifanya bila kunitazama. Turubai lililobaki akalisugua nta juani, huku na huku, mpaka maji yakimwagika juu yake yanateleza. Alipomalizana na shanta akahamia vyombo. Kijiko chake cha mti alikikata mpini, tangu hapo akawa anakula uji kama mtu anayemnyang'anya mwenzake.

Kazi yangu ilikuwa kupaka uzi nta na kufunga chumvi. Chumvi ya kutia kwenye nyama niliifunga kwa jani kavu la mgomba, kisha kitambaa, na kuishonea ndani ya kifuniko cha shanta, juu kabisa. “Chumvi juu, Nekesa,” aliniambia kila mara. “Jasho ya mgongo ikifika kwa chumvi, safari imekwisha.” Nilijiona fundi kweli kweli. Siku hizo baba alizungumza nami, aliniuliza hata kama mshono umenyooka, na mimi nikajibu kwa kukunja uso kama mtu mzima. Laiti shanta lile lisingekwisha kamwe.

Likaisha. Siku moja akapima, akafumba macho, mkono wa jogoo ukashuka na mkono wa shanta ukapanda. Baba alicheka, cheko ambalo sikuwa nimelisikia tangu mazishi. Othieno alikuwapo, akalinyanyua kwa kidole kimoja.

“Eh, eh! Na hii mimi na wewe tunapita hata kule hatujawahi fika,” akasema. “Tunakaa mpaka mvua itufukuze!”

Wote wawili walifurahi. Mimi nilisimama na uzi wangu wa nta mkononi. Kumbe nilikuwa nikisaidia kushona nini! Shanta zito lingemrudisha mapema. Jepesi litampeleka mbali. Na likizidi kuwa jepesi je? Wapo wanaume wa kwetu waliovuka mpaka kutafuta kazi, na wake zao walikuwa bado wanachungulia barabara. Hesabu yangu ya kitoto ilikuwa nyepesi: baba anahitaji uzito wa kumrudisha.

Jikoni kwetu figa moja lilikuwa fupi. Mama ndiye aliyelitafutia kijiwe cha kuliinua, bapa, cheusi kwa masizi, kimejaa kiganja cha mtu mzima. Watu husema figa moja haliinjiki chungu. Mama alipenda kuongeza kwamba hata matatu hayainjiki, ikiwa moja limelewa. Asubuhi ya safari, shangazi akiwa kisimani, nilikichomoa kijiwe kile nikakisukumia chini kabisa ya shanta, chini ya blanketi. Jiwe la njiani angelitupa njiani. Hili lilikuwa na kwao.

Baba akaja, akatia mikono kwenye mikanda, akanyanyua. Akasimama. Akalitua chini, akalegeza kamba, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Mimi nilitazama vidole vyangu vya miguu. Alikaa hivyo kitambo, mkono ndani, kama mtu anayesikiliza. Kisha akautoa.

“Chumvi iko,” akasema.

Akafunga upya, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, akaondoka na Othieno kuelekea Tororo. Nilipumua. Hakuona! Shangazi aliporudi na mtungi wake akanitazama, akaniuliza nani kanipaka masizi usoni. Nikasema sijui, na kweli sikujua.

Jamani, ule mwezi. Upepo ukitoka upande wa Tororo nilisikia filimbi ya treni, nikakimbia hadi barabarani, nikasimama, nikarudi. Chungu kilipinda upande. Kunde zilimwagika motoni, uji ukamwagika, na shangazi akatafuta kijiwe chini ya kuni, nyuma ya mtungi, hata kwenye viota vya kuku. “Nyumba hii mwizi wake anaiba mawe?” alilalamika. Akajaribu kigae, kikapasuka. Akajaribu jiwe jingine, chungu kikapinda kwa upande wa pili. Tulikula mboga iliyoungua kila siku, kila mmoja akitazama sahani yake. Usiku nilijaribu kukumbuka wimbo wa kupepetea mtama, nikakuta nimebaki na mistari ya mwanzo tu. Nililala nikiwaza kwamba baba naye akikawia, nitaanza kumsahau hivyo hivyo, kipande kwa kipande.

Mvua ikaja. Hazikupita siku nyingi nikamwona Othieno akikunja kona ya njia yetu, peke yake, mizigo miwili mgongoni.

“Amoding, usiogope,” alisema kabla hajaketi. “Ndugu yako iko hai. Mwiba imemuingia mguu, mguu ikavimba. Nimemwacha kwa watu wazuri, upande wa Soroti.” Shangazi akampa maji. Akanywa, akatikisa kichwa. “Tumetupa ngozi. Tumetupa sufuria. Nyama yake nimebeba mimi. Lakini yeye nabeba jiwe! Jiwe, Amoding! Nikamwambia, rafiki yangu, tupa hiyo kitu, pori mzima imejaa mawe. Akasema hapana, hii si yangu, mwenyewe iko nyumbani.”

Othieno alicheka kwa uchovu. Shangazi hakucheka. Aligeuka polepole, akatazama figa lile fupi, kisha akanitazama mimi.

Nilitamani ardhi inimeze. Baba alikuwa amechechemea porini na jiwe langu mgongoni. Nilitaka uzito wa kumrudisha, na sasa uzito ule ule ndio ungemkalisha huko. Akifa, nimemuua mimi. Niliyawaza hayo peke yangu, sikuwa na wa kumwambia. Shangazi hakunigombeza. Usiku alivuta mkeka wake hadi karibu na wangu, akalala akinipa mgongo, lakini karibu. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake.

Baba alirudi mchana mmoja mvua ikinyesha. Nilikuwa nikichambua kunde mlangoni. Alikuwa amekonda, fimbo mkononi, kitambaa mguuni, shanta limesinyaa mgongoni. Hakunisalimu, alinipita, akainama kuingia jikoni, akapiga magoti kwa shida. Nikamsikia akisogeza figa. Alitikisa chungu kwa mkono, chungu kikatulia. Akatoka, akaketi kando yangu kwenye kizingiti, akachukua kunde mbili tatu akaanza kuchambua.

“Chungu sasa haichezi,” akasema.

Nililia hadi kwikwi ikanishika. Yeye aliendelea kuchambua kunde, vibaya, akichanganya mbovu na nzima.

Kiangazi kilichofuata alilitoa shanta, nami nikapaka uzi nta. Alishona kijifuko kipya, chini, kwenye upande unaolalia kiuno, na ndani akaweka ngozi laini ya sungura. Sikuuliza ni cha nini. Siku ya kuondoka aliingia jikoni mwenyewe, akatoka na kijiwe, akakitia humo, kikaenea sawasawa. Kisha, kwa kuwa sheria ni sheria, akamwita jogoo. Akafumba macho. Shanta likashuka, jogoo akapanda.

“Jogoo amekonda,” akasema, akamwachilia.

Na ndivyo ilivyokuwa kila kiangazi hadi miguu yake ilipochoka na safari. Chungu kikipinda, baba yuko safarini; kikitulia, baba yuko nyumbani. Shangazi alizoea, akawa anakishikilia kwa mkono akipika. Habari ya jiwe hatukuizungumza kamwe, mimi na baba, mpaka nilipomzika.

Miaka mingi niliamini kwamba safari ile ya kwanza nilimdanganya, kwamba aligundua jiwe huko mbali, akifungua blanketi lake. Juzi kwenye kigoda cha fundi, nta imenijaa puani, ndipo akili iliponijia, mimi mwanamke mwenye wajukuu. Mtu anayepima mfuko kwa jogoo, anayekata mpini wa kijiko, hawezi kunyanyua jiwe asijue. Na mkono wake ulikuwa unatafuta nini kule chini, hadi kwenye kiwiko? Chumvi niliishonea mimi mwenyewe, juu, ndani ya kifuniko. Alilishika jiwe la mama, akalijua kwa vidole, akaliacha pale pale. Kisha akaniwekea mkono ule ule usoni, wenye masizi, akaenda zake.

Fundi alinirudishia ndala yangu. Nikajikuta nimeinua mkono, najipangusa paji la uso.