Nilienda Kutafuta Barua, Si Dawa ya Kichwa

Namshukuru Mungu kwanza, kwa sababu naandika haya mchana, dirisha likiwa wazi na jua linaingia mpaka kwenye karatasi. Wanaoujua ugonjwa huu wameshanielewa. Wengine mtanielewa mkiendelea kusoma.

Naitwa Mwende. Nilizaliwa Kitui mjini, nikamaliza kidato cha nne huko, nikasomea ushonaji, halafu nikaolewa na Mutua, mtu wa Makueni. Tunaishi Matiliku. Mimi nashona yunifomu za shule na nguo za kwaya. Mutua anafanya kazi kwenye mashamba ya kunyunyizia maji huko Kibwezi na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Tuna mtoto mmoja, Mutheu, ana miaka mitatu. Kabla ya haya yote nilikuwa nashona kutoka asubuhi hadi jioni, redio juu, nikibishana na wateja wanaosema nguo imebana na wao ndio wamenenepa. Kichwa nilikuwa nacho kama vile mtu ana kisigino. Hukifikirii.

Mwaka jana wakati wa kiangazi tulienda kukaa kwa mama mkwe huko Kathonzweni. Mimi namwita Mwaitu, ndiyo mama kwa Kikamba. Huko maji yanatolewa kwenye mashimo yaliyochimbwa ndani ya mchanga wa mto mkavu, na wanawake huyabeba kwa mukwa. Huo ni mkanda wa ngozi unaopita juu ya paji la uso, mtungi unaning'inia mgongoni, na wewe unatembea umeinama. Mimi wa mjini nilikuwa nimeona nyanya zangu tu wakiutumia. Nilibeba wiki mbili.

Wiki ya pili, nikiwa njiani na mtungi, niliona kitu kama nyuzi za fedha zinachezacheza upande wa kushoto wa jicho. Nikafikiri ni jua. Nusu saa baadaye kichwa kilianza kupiga nyuma ya jicho hilo hilo, kinapiga pamoja na moyo, du, du, du. Nilitapika chakula, nikatapika maji, nikatapika kile kitu cha njano kichungu. Harufu ya mafuta ya taa ilinitapisha tena. Nilikojoa kwenye beseni kwa sababu choo kilikuwa mbali na kila hatua ilikuwa kama nyundo. Mwaitu alisimama mlangoni akasema, "Wasichana wa mfereji." Basi. Maana yake sisi wa mjini, tuliozoea maji ya bomba. Hakusema lingine. Mimi nililiweka hilo neno mahali.

Tuliporudi Matiliku nilijua nimeacha huo ugonjwa huko. Wapi! Ulinifuata. Kwanza mara moja kwa wiki, halafu mara mbili, halafu nikaacha kuhesabu. Kliniki moja iliniambia ni taifodi. Nikamaliza dawa. Nikarudi, wakasema ni taifodi. Mara ya tatu nikawauliza, "Kwani hiyo taifodi inakaa tu upande wa kushoto?" Yule kijana aliyevaa koti jeupe akaniambia nisimfundishe kazi. Nikanunua miwani. Kanisani wakanipaka mafuta na kukemea, na maombi siyadharau, lakini dada mmoja aliniuliza mbele ya watu wote, "Kuna mtu hujamsamehe?" Nikasema hakuna. Alikuwepo, na mnamjua.

Kilichoniweka kwenye cherehani ni tembe za dukani. Zile mbili za kwanza zilifanya kazi vizuri sana. Baadaye zikawa nne. Mwishowe nilikuwa nameza nikiamka, kabla hakijaanza, ili kisianze. Kilianza tu.

Sasa nafika mahali pagumu. Siku moja nilikuwa nimelala, pazia limefungwa, kitambaa cha maji baridi usoni, na Mutheu alikuwa anacheza sakafuni. Sikusikia mlango. Watu walimkuta mbele ya mashine ya kusaga, peke yake, pikipiki zinapita. Hakuumia. Lakini habari ilifika Kathonzweni kabla hata sijaosha uso, na kesho yake Mwaitu alikuwa kwangu, anakunja nguo za mtoto.

"Utamchukua ukipona," akasema.

"Na nisipopona?"

Akafunga begi. Mutua nilimpigia simu, akasema, "Acha mama akusaidie kidogo." Hapo nikajua wameongea. Nikakaa na hasira yangu kwenye ile nyumba iliyonyamaza, nikaanza kuunganisha mambo. Kichwa kilianzia kwa nani? Kwa mama mkwe. Kilianza na nini? Na mukwa. Amenivunja shingo na maji yake, halafu amenipokonya mtoto kwa sababu ya ugonjwa aliouleta yeye mwenyewe. Nilihitaji tu mtu mwenye muhuri aandike hivyo, niipeleke hiyo barua ofisi ya watoto ya serikali, wanirudishie Mutheu.

Ndipo nikasikia kwamba mwalimu wa chuo kikuu anakuja kila Alhamisi kwenye hospitali ya serikali na wanafunzi wake, kupima watu wenye maumivu ya kichwa na shingo. Kichwa na shingo! Niliona kama ametumwa kwangu mimi. Nisiwadanganye, sikuenda kutibiwa. Nilienda kuchukua barua.

Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, mfupi, viatu vya raba. Daktari Ndinda.

"Wewe ni daktari?" nikamuuliza.

"Wa kusoma, si wa dawa. Kazi yangu ni fisio, mambo ya viungo na mazoezi. Ukianguka hapa nitapiga kelele aje daktari, kama wewe tu."

Wanafunzi wakacheka. Mimi sikucheka. Akanipa fomu ya kukubali kuwa kwenye utafiti, nikaisoma yote, nikarudia.

"Hapa mmesema majibu yangu yatasomwa na watu. Watu gani?"

"Wa chuo. Lakini jina lako halitaonekana."

"Kwa nini lisionekane? Mimi nalitaka lionekane." Nikamweleza habari ya barua, mukwa, Mwaitu, mtoto, yote, mpaka nikashikwa na kikohozi.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Pole, Mama Mutheu. Lakini barua huandikwa baada ya kupima."

Akanilaza chali, akainamisha kidevu changu mpaka kifuani, akageuza kichwa kushoto, kisha kulia. Akabonyeza chini ya fuvu kwa kidole gumba. Nikaruka.

"Hapo! Andika hapo!"

"Nimeandika panauma."

"Andika ndipo kinapotoka."

"Hilo bado sijaliona. Shingo inageuka sawasawa pande zote, na nikipabonyeza, kile kichwa chako hakiji. Panauma tu hapo hapo."

Nilimtazama vibaya. Akanipa karatasi yenye miraba ya mwezi mzima. Kila siku niandike kama kichwa kimeuma, upande gani, saa ngapi, nimelala vipi, nimekula nini, kama niko kwenye siku zangu, nimemeza nini. Nikaichukua kwa furaha. Nilidhani ananisaidia bila kujua. Niliijaza kama mtu anayeandika mashtaka. Sikuruka siku hata moja, na tembe niliziandika zote, sita, tano, sita, nane, ili ofisi ya watoto waone yule mwanamke amenifikisha wapi.

Mwezi ulipoisha nikampelekea. Akaisoma na kalamu, polepole.

"Maji ya nyumbani unatoa wapi siku hizi?"

"Mfereji, nyuma ya ploti."

"Mukwa umebeba mara ya mwisho lini?"

"Mwaka jana."

"Na hiki cha Jumanne, cha kutapika mara nne?"

Nikautazama ule mraba wa Jumanne.

"Sasa nionyeshe siku ambayo hukumeza tembe."

Nikatafuta. Nilipitisha kidole kwenye ile miraba yote, mwandiko wangu mwenyewe, kalamu yangu mwenyewe.

"Hakuna," nikasema.

"Hakuna," akasema na yeye. "Mama Mutheu, huu ni kipandauso, ndiyo ile maigreni unasikia watu wakitaja. Wapo wagonjwa wangu ambao kichwa chao kinatoka shingoni kweli, na hao ningewaandikia leo. Wewe, shingo inauma kwa sababu kichwa kinauma. Mukwa uliichosha, sikatai, lakini siyo unaokupiga leo. Na dawa ya maumivu ukiimeza kila siku, mwishowe yenyewe inaanza kukiamsha kichwa. Siwezi kuandika mukwa."

Nilisikia masikio yanawaka. "Daktari, wewe umezaliwa wapi?"

"Kathonzweni."

"Nilijua!" Nikasimama. "Nilijua wamekufikia!"

"Mama, Kathonzweni ina watu wengi."

"Na mama yako alibeba mukwa?"

"Maisha yake yote. Ana alama hapa." Akagusa paji la uso. "Magoti yanamsumbua, na shingo. Kichwa, hapana."

Nilichukua mkoba wangu nikatoka bila kuaga. Wanafunzi walinipisha kama wamepisha ng'ombe.

Nikafika Matiliku na hasira zangu, nikapitia dukani kuchukua kibiriti. Mwenye duka alikuwa anaongea na mtu mwingine. Hata hakunitazama vizuri. Mkono wake ulienda kwenye rafu, ukarudi na pakiti mbili, akazisukuma mbele yangu.

"Mama Mutheu, zako hizo."

"Nani amekwambia nazitaka? Nataka kibiriti."

"Ai! Kwani ni siku gani hukuchukua?"

Swali ni lile lile. Kwa muda mfupi nilishuku kwamba yeye na daktari wameongea. Kweli nilishuku, nikasimama pale nikifikiria vile wangejuana. Halafu nikaona jinsi nilivyokuwa mjinga. Hawa wawili hawajuani. Wanachojua wote wawili ni mimi. Niliacha zile tembe kwenye meza yake, na kibiriti nikakisahau.

Alhamisi nikarudi.

"Umekuja kunipiga?" Daktari Ndinda akauliza.

"Bado sijaamua."

Alinipeleka kwa mkono hadi kwa daktari wa dawa, naye akanipangia jinsi ya kuacha zile tembe, na dawa nyingine ya kumeza wakati kipandauso chenyewe kinapokuja, siku chache tu kwa mwezi, isizidi. Ndinda mwenyewe akanipa mazoezi ya shingo, kutembea kila asubuhi, kulala na kuamka saa zile zile, kutokaa na njaa, na akaniambia niinue meza ya cherehani.

"Ulisema shingo haina hatia. Mbona unaipa mazoezi?"

"Haina hatia lakini inauma. Hata asiye na hatia hutibiwa."

Waliniambia kichwa kitazidi kabla ya kupungua. Hawakusema uongo. Siku kumi. Nilitetemeka, nilihara, nilitapika, jasho lilikuwa linanuka kama la mtu mwingine. Mutua aliomba ruhusa kazini akaja. Nilidhani ametumwa kunipeleleza, na nilimwambia hivyo, na habari ya barua pia, nikiwa nimeinamia beseni. Akanijibu, "Tapika kwanza, tutagombana baadaye." Alilishika hilo beseni siku zote kumi. Siku ya tatu nilimtukana anipe tembe moja tu, moja. Zile zilizobaki nyumbani alizificha wapi mpaka leo sijui.

Siku ya kumi na moja niliamka nikasikia njaa. Nikakaa kitandani nikingoja kichwa. Hakikuja mpaka mchana, na kilipokuja kilikuwa kidogo.

Sasa ni miezi kadhaa. Sijapona kabisa na atakayewaambia amepona kipandauso kabisa muulizeni maswali. Kinakuja mara mbili, labda tatu kwa mwezi. Nakijua kikija, nameza dawa yangu mapema, nalala kwa saa mbili, naamka. Namshukuru Mungu, namshukuru Daktari Ndinda ambaye alikataa kunipa nilichotaka, namshukuru Mutua na beseni lake.

Wewe unayesoma ukiwa umefunga kitambaa kichwani, andika. Andika kila siku, na tembe uziandike zote, hata zile za aibu. Ukipewa fomu isome yote na uulize, hakuna dhambi kushuku. Lakini jishuku na wewe kidogo. Usiache dawa kwa kichwa chako mwenyewe kwa sababu umesoma haya, nenda upimwe. Na kichwa kikikushika ghafla kuliko ulivyowahi kuona maishani, au mkono ukafa ganzi, au ulimi ukawa mzito, usingoje Alhamisi, nenda hospitali saa hiyo.

Mtoto nilienda kumchukua mwenyewe. Nilimkuta Mwaitu anapeta pojo kwenye ungo.

"Umepona?"

"Hapana. Kimepungua."

Akaendelea kupeta. Nikasema mara moja kabla moyo haujageuka. "Nilitaka kukushtaki. Kwa ajili ya mukwa."

"Najua. Mutua aliniambia."

Nilijua! Nilijua tangu mwanzo!

"Ungenishtaki tu," akasema. "Ningekuja na mtungi mbele ya hao watu wa ofisi, niwaambie nilisema uanze na lita kumi. Nani alibeba ishirini siku ya kwanza?"

Ilikuwa kweli. Alisema kumi. Nilibeba ishirini ili anione.

"Ni mimi," nikasema.

"Basi kaa ule."

Nyuma ya nyumba nilisikia Mutheu akikimbiza kuku na watoto wa shemeji, anapiga kelele kushinda wote. Kisha akatokea kwenye kona, akaniona. Akanyamaza hapo hapo. Akaja kwa vidole vya miguu, polepole, akaweka mdomo kwenye sikio langu.

"Mama," akanong'ona. "Kichwa kimelala?"

Huko kunong'ona ni mimi niliyemfundisha. Mwaka mzima, shh, shh, mama anaumwa. Mwaitu aliacha kupeta akageuza uso upande mwingine.

"Kimelala," nikamwambia. "Piga kelele."

Akamtazama nyanya yake kwanza, kama anayeomba ruhusa. Nyanya akaitikia kwa kichwa. Ndipo Mutheu akafungua mdomo akapiga kelele moja, kali, ndani kabisa ya sikio langu la kushoto. Ilinigonga. Nisidanganye, ilinigonga.

Nikamwambia, "Tena."