Shikamoo ya Mashine

Mimi ni opereta wa simu. Siku hizi ukisema hivyo vijana wanakutazama kama umetoka makumbusho, lakini ndiyo kazi iliyosomesha wanangu na siionei haya. Kampuni yetu iko Moshi mjini. Inauza chakula na dawa za mifugo, na kupeleka daktari wa ng'ombe kwa wafugaji wa mlimani. Mfugaji akipiga simu, wa kwanza kumsikia nilikuwa mimi.

Nilianza na swichibodi ya waya. Simu ikiingia nachomeka waya huku, nachomeka kule, na nikikosea, mhasibu anajikuta anabembeleza mtu anayelilia ndama wake. Ikaja mashine ya vitufe, mabega yangu yakapumzika. Zikaja simu za mkononi, zikajipanga mezani kwangu, kila mtandao na yake, nami nimezibandika plasta zenye maandishi nisije nikazichanganya. Zote nilizizoea. Mashine zilibadilika, ila aliyesema "shikamoo" alibaki mimi.

Maana huku kwetu simu haianzi na shida. Mzee akipiga kutoka Mwika namwamkia, anaitikia, ananiuliza habari za Rau ninakoishi, mvua, watoto. Nami namuuliza mama wa nyumbani, migomba, kahawa. Hapo ndipo anateremka taratibu hadi kwenye ng'ombe. Kulikuwa na mzee mmoja, mteja wangu wa miaka mingi ambaye nilimjua kwa sauti tu, aliyeona aibu kunitamkia mimi mwanamke kwamba ng'ombe wake yuko kwenye joto. Alikuwa akisema, "Mama, yule wa zizini leo hatulii." Basi nilikwisha kuelewa. Nilimtafuta mtaalamu wa kupandisha ng'ombe aende kabla ya jua kuzama.

Kisha bosi wetu, kijana aliyeipokea kampuni kutoka kwa baba yake, akaleta mfumo mpya. Wenyewe haupo hata ofisini, uko kwenye intaneti huko. Anayepiga anapokelewa na sauti iliyorekodiwa, anabonyeza namba, anapelekwa anakotaka.

"Mama, mimi sitaki uondoke," bosi aliniambia. "Nimeweka sifuri kwa anayetaka opereta. Wakiibonyeza, kiti chako kipo. Wasipoibonyeza, nitakiteteaje?"

Hakuwa na ubaya, na alilisema jambo lake usoni. Kilichonichoma ni ombi la pili: sauti ya kurekodiwa iwe yangu, kwa kuwa wateja wameizoea. Nilikasirika masikio yakapata moto. Yaani mimi mwenyewe niifundishe mashine kukalia kiti changu! Lakini nilirekodi, na nikaanza kama nilivyozoea kuanza: "Shikamoo, karibu sana. Kwa chakula cha mifugo bonyeza moja. Kwa daktari bonyeza mbili. Kwa opereta bonyeza sifuri."

Nikakaa nikingoja sifuri. Vijana walibonyeza moja, wakabonyeza mbili, mambo yao yakaenda. Wazee wakawa kimya. Kwenye kioo cha kompyuta niliona simu zinaingia, zinakaa kidogo, zinakatika. Chai ikanipoea mezani. Nikaanza kuwanunia watu wazima: miaka yote nimewauliza hali, leo wamepata mashine wamenisahau. Nyumbani nikawaambia wanangu wajiandae, mama yao anarudi kulima mchicha.

Asubuhi moja mzee akaingia ofisini amevaa koti la kanisani, kofia mkononi. Akauliza yule mama wa simu ni yupi. Sauti ile niliijua kabla sijauinua uso.

"Shikamoo, baba," nikasema nikisimama.

"Marahaba." Akanitazama usoni. "Kumbe bado unaamkia."

Akatoa ndani ya koti jani la sale, lile la mmea unaozungushiwa kihamba, shamba la migomba la nyumbani, limefungwa fundo, akaninyooshea kwa mikono miwili. Kwa Wachagga, anayekuletea sale amekuja kuomba msamaha, na ukiletewa hukatai. Mimi nilibaki kulikodolea macho. Amenikosea nini mtu huyu?

"Najua ni ule msiba," akasema. "Ulipomzika mama yako, mgongo ulikuwa umenilaza, sikuja. Nikasema nitakwenda nikipona, nikazembea. Sasa nikipiga unaniamkia, nakuitikia. Nakuuliza watoto, unaniambia nibonyeze moja. Nakupa pole ya mama, unaniambia nibonyeze mbili. Halafu unanikatia. Nikasema, mtoto huyu ana haki ya kuninunia."

"Na yule wa zizini?"

"Alitulia mwenyewe. Tunangoja zamu nyingine." Akashusha sauti. "Wenzangu hawapigi tena. Wanasema siku hizi unaringa."

Machozi yalinitoka pale pale, mbele ya wateja. Kulikuwa na maelezo ya kumpa kuhusu mashine, lakini huwezi kumsimamisha mtu na sale mkononi ukimweleza intaneti. Nikalipokea kwanza. Na nisiseme uongo, lilikuwa na mahali pa kutua. Siku ya kumzika mama, kila mzee aliyekuja kunipa mkono nilimsikiliza kwa makini, nikitafuta sauti ya huyu. Jioni ilifika sijaisikia, na iliniuma.

Kisha nikampigia ile namba, nikamwekea simu sikioni. Alisikiliza, akanitazama mdomo wangu uliofumbwa, akasikiliza tena. "Mama yangu!" akasema. "Kwa hiyo pole zangu zote nimempa huyu?"

Bosi alikuwa kaunta ameyaona yote. Amekulia Dar, lakini bibi yake ni wa huku huku, na sale analijua. Akaja, akamwamkia mzee, akanigeukia. "Mama, turekodi upya. Sema utakavyo."

Nikasema nilivyotaka: "Shikamoo. Hii ni mashine, imebeba sauti yangu tu, haisikii. Mimi mwenyewe nipo. Bonyeza sifuri tusalimiane." Mambo ya moja na mbili nikayaweka nyuma. Mzee akapanda mlima na habari hiyo, na kama ujuavyo habari za kanisani Jumapili zinavyotembea, siku hizi sifuri hainipi nafasi ya kumaliza chai. Kiti ninacho, na bosi amekibadilishia mto.

Lakini simu ninayoikumbuka ni ile ya kwanza, siku moja tu baada ya mzee kurudi kwake. Taa ya sifuri iliwaka, nikapokea, nikaamkia; alikuwa yeye.

"Marahaba, mama. Na mwenzako nimemwitikia vilevile. Ameniamkia vizuri, ningemnyamaziaje?"

Nilicheka, naye akacheka. Nikangoja aniulize habari za Rau, au aniambie nani hatulii zizini.

"Sasa huyu ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

"Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Basi pole ya mama."