Moto Mlangoni kwa Wandera

Pascalia anauza mitumba ya watoto sokoni Kakamega, na ukitaka kumkasirisha mwambie kwamba wanaolala nje ni wavivu. Atamwacha mteja na suruali mkononi, akugeukie wewe. Yeye mwenyewe amelala nje. Mumewe alipofariki, mashemeji zake wa Khwisero walimfukuza akiwa na mwanawe Tevin mgongoni, na akaangukia veranda ya duka moja karibu na stendi. Hapo ndipo alipomkuta Mzee Wandera, mkata miwa wa Musanda ambaye ndugu zake walimnyang'anya shamba na miwa ikamnyang'anya nguvu. Mzee aliwaachia upande wa ukutani ambako mvua haifiki, akalala yeye ukingoni, akilowa. Hakuuliza walikotoka. Asubuhi aliwaamkia "Mulembe" kwa adabu, kana kwamba wamekutana njiani wakienda kanisani.

Pascalia hakulisahau hilo. Alipopata kibanda na chumba cha kupanga, alimwomba mzee akakae nao, mzee akakataa katakata. Mwanamume wa umri wake, alisema, hawezi kwenda kujikunyata kwa mjane na mtoto wake. Basi Pascalia akala kiapo kwamba Wandera hatakufa bila mlango wake mwenyewe.

Ndiyo maana vijana wanaotetea wasio na makao walipopewa hosteli kuukuu kule Shirere, yeye alikuwa wa kwanza kufika na ndoo na ufagio. Wanafunzi walikuwa wamehamia majumba mapya, na mwenye hosteli aliona heri ikaliwe na watu kuliko popo. Kiongozi wa vijana alikuwa Mitchel, msichana mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Waliziba paa, wakapiga rangi, wakazibua vyoo ambavyo sitavisimulia. Chumba kinachotazama barabara kikawekwa kwa ajili ya Wandera.

Mtaa ukachemka. Wenye nyumba za kupangisha walikimbilia kwa chifu, na msemaji wao alikuwa Cleophas, jirani wa ukuta kwa ukuta. Ingekuwa rahisi kumchukia Cleophas kama angekuwa mtu mbaya. Lakini ni mzee wa kanisa, mpole, hata kuku wa watu akiingia kwake humrudisha mwenyewe.

"Sisi hatuna ubaya na hao watu, Mama Tevin," alimwambia Pascalia. "Lakini wanafunzi wanaanikanga nguo hapa. Mitungi ya gesi wanaachanga nje. Wakianza kuibiwa watahama, na mimi nitakula nini?"

Mitchel alimwaga sheria mpaka akakauka koo. Chifu, ambaye hapendi kukosana na mtu, aliwaambia wakaelewane kama majirani, akaondoka. Kazi ikaendelea, lakini salamu zilikatika.

Chumba kilipokuwa tayari, kikiwa na kitanda na godoro jipya bado ndani ya nailoni yake, Pascalia alimkabidhi mzee ufunguo kwa mikono miwili. Wandera alifungua mlango, akachungulia kwa muda mrefu, akaufunga tena.

"Nitaingia majirani wakishakula hapa," alisema.

"Mzee, hao majirani hawatutaki."

"Kwetu Musanda mtu haingiangi nyumba mpya hivi hivi. Jirani mwenye ako na miaka mingi anakuja anawasha moto mbele ya mlango. Ugali, hiyo obusuma yetu, inapikwa, watu wanakula. Hapo ndio nyumba inakuwa yako. Ukiingia kimyakimya wewe ni mwizi tu, hata kama uko na kifunguo. Na si ndivyo wanasema, ati sisi ni wezi?"

Mitchel alicheka akidhani ni utani. Pascalia hakucheka, kwa kuwa aliujua ule uso. Alimsihi angalau alale ndani, moto utawashwa baadaye.

"Nimengoja nyumba," mzee akamjibu. "Hata moto nitangoja."

Akatandika magunia yake nje ya mlango wake mwenyewe, ufunguo ukining'inia shingoni kwa uzi. Mchana alifanya mazoezi ya kupokea wageni: alisimama kizingitini, akavuta koti lake likae sawa, akasema, "Karibuni kwa Wandera." Pascalia alimkuta siku moja akisema hivyo peke yake, na mzee akajifanya anakohoa.

Jirani mwenye umri mkubwa kuliko wote alikuwa Cleophas. Pascalia akapiga moyo konde, akaenda kwake.

"Kuja tu uwashe, Baba. Kupika nitapika mimi."

Cleophas alitazama viatu vyake. "Nikiwasha huo moto, Mama Tevin, nitakuwa nimekubali. Wenzangu watanionaje? Ngoja wanafunzi wafunge, tutaongea."

Pascalia alirudi akamkuta mzee amesimama, amefunga vifungo vyote vya koti. Akashindwa kusema ukweli. "Amesema atakuja," alimwambia, na mzee akatabasamu meno yote nje. Lilikuwa neno la huruma, na litamuuma Pascalia maisha yake yote.

Mvua ya Kakamega mnaijua, ile ya alasiri inayokuja na mawe na kuacha baridi ya kupenya mifupa. Kile kikohozi cha kujifanya kikawa kikohozi kweli. Pascalia alileta blanketi, uji, dawa, matusi pia. Siku moja Mitchel na wenzake walijaribu kumbeba wamwingize ndani kwa nguvu. Mzee aliung'ang'ania mhimili wa veranda.

"Huyo jirani akija anikute ndani," alisema, "atasema niliingia bila yeye."

Asubuhi moja Pascalia alimkuta ameketi, ameegemea mlango wake, koti limefungwa vifungo. Mwili ulikuwa umeshapoa.

Wapwa zake wa Musanda walikubali azikwe kwao. Pascalia aliwataka jambo moja tu: apitie kwanza kwake Shirere, kama mtu yeyote mwenye nyumba. Basi siku ya kuamkia maziko, jua likiwa bado juu ya miti, gari la maiti likaingia Shirere.

Na mtaa mzima ukaja. Kwetu huku hakuna anayemnunia maiti. Cleophas alileta hema na viti vya plastiki, akavuta waya wa umeme kutoka kwake. Akina mama walikuja na unga na kuku, ingokho yenyewe. Wanafunzi, wale wale waliosemekana watahama, walichota maji bila kuombwa. Inaudhi, nasema wazi. Mtu aliyenyimwa kijiti cha kiberiti alipewa kuni za kujaza mkokoteni, na kosa lake la kwanza lilikuwa kuwa hai.

Moto wa matanga huwashwa na mkubwa. Cleophas akapiga magoti mbele ya mlango wa Wandera, akakinga kiberiti kwa kiganja, akawasha. Pascalia alisimama kando, mwiko mkononi, maneno aliyomwekea yamejaa kinywani. Akayameza. Obusuma ikaiva, watu wakakaa.

"Alikuwa jirani mzuri, huyu mzee," Cleophas alisema akipokea sahani. "Hakuwanga na makelele."

Ndani, jeneza lilikuwa juu ya mabenchi, kando ya kitanda na godoro lenye nailoni. Wageni walikuwa wamefika, na mwenye nyumba hakuweza kuwakaribisha.

"Karibuni kwa Wandera," Pascalia akasema.

Walipotoka Musanda kuzika, hema lilikuwa limeshakunjwa na waya kukusanywa. Cleophas alimsubiri langoni, kofia mkononi.

"Pole sana, Mama Tevin. Sasa hii nyumba, mnafikiria kuifunga lini?"

Pascalia alimpita. Alikwenda stendi, kwenye ile veranda, akarudi na mwanamke aliyekuwa akilala pale na mtoto wake mchanga. Alimfungulia kile chumba. Mwanamke, aliyekuwa amesikia habari za mzee, alisita kizingitini, akauliza kama kuna mtu wa kungojwa.

"Ingia tu," Pascalia alisema. "Usimngoje mtu."

Aliichana nailoni ya godoro kwa meno, akamlaza mtoto. Kisha akatoka, akakaa chini penye majivu ya ule moto, akalia mpaka Cleophas akafunga dirisha lake.