Mstari wa Mama Asumini

Mama Asumini Useni ana sauti ya kusimamisha lori. Ndivyo alivyompata mume wake. Papa Aruna, dereva wa njia ya Bunagana, alipita kwenye dimbwi akamrushia matope kwenye kitenge kipya. Alipigiwa kelele mpaka akafunga breki, akashuka kuomba msamaha, na hadi leo hajamaliza kuomba. Walioana mwaka 2002, ule wa lava ya volkano kuingia mjini kwetu Goma. Mama Asumini husema pilau ya arusi ilipikwa juu ya mawe ya lava, bila makaa. Mama yangu anasema huo ni uongo, lakini huwa anamwomba arudie hiyo hadithi.

Tangu wakati ule waasi wamekuja na kuondoka, na kila wakirudi wana jina jipya. Mwaka jana volkano ilishuka tena, ikakata mabomba ya maji. Mwaka huu waasi wamechukua Bunagana, na lori la Papa Aruna limelala uani kwao, hapa mtaani Ndosho. Kuku wanataga chini ya usukani, na Papa Aruna anawapigia honi wakichelewa.

Mama Asumini yeye hakulala. Aliwakusanya wamama wa avenue yetu, wakapata chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao mpaka magurudumu, isiyo na pedali, wakaanza kusukuma maji. Waliwapelekea wale wasioweza kufika wenyewe kwenye robine, bomba la maji la mtaa: wamama waliojifungua, wagonjwa, na Muzee Birindwa, fundi cherehani wa zamani ambaye miguu yake imegoma. Kikundi kiliitwa Maji kwa Wazee. Kilikuwa hakina kiongozi wala ofisi, na maji yalifika.

Kisha gurudumu la mbele likapasuka kwenye mawe, na maji hayakufika tena. Muzee Birindwa akatuma ujumbe: "Mwambieni Asumini naoga na kikombe. Mguu mmoja leo, wa pili kesho."

Mama Asumini akaenda Fondation Tuinuane, mfuko wa jamii unaosaidia vikundi vidogo vya mji wetu. Akaomba gurudumu moja. Aliyempokea ni Papa Donat, mwanaume mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Mama, gurudumu ni kitu kidogo," alisema. "Sisi hatutoi vitu vidogo. Sisi tunaimarisha."

Basi wakaimarishwa. Nilikwenda nao kwa sababu nilitaka kuona mtu anavyoimarishwa. Nilimuuliza Papa Donat kama inauma. Alicheka, akaniambia nikae nyuma. Wamama walifundishwa kuchora mti: mizizi ni matatizo, matunda ni matokeo. Mama Asumini alichora gurudumu. Papa Donat akageuza karatasi huku na huku, akasema ni mti mzuri lakini hauna matawi. Walichaguliwa rais, makamu wa rais na katibu, na mama mmoja aliyebaki bila cheo akakasirika, ikabidi apewe ukaguzi. Mwisho walipewa gilet, vile vizibao vya rangi ya machungwa wanavyovaa watu wa misaada, pamoja na kibao kikubwa chenye jina la kikundi na, kwa herufi kubwa zaidi, jina la Fondation.

"Kibao kisimame mbele ya ofisi," alisema Papa Donat. "Jumanne nakuja na wakubwa. Tukikuta kikundi kiko debout, kimesimama imara, gurudumu tutaliongelea."

Ofisi hakuna, kwa hiyo kibao kilisimamishwa mbele ya nyumba ya Mama Asumini. Kilikuja na miguu miwili ya magogo ya mukaratusi, manene kuliko kiuno cha Papa Donat, maana Fondation haitaki upepo uangushe jina lake. Ndosho huwezi kuchimba shimo, chini ni lava tupu. Papa Aruna aliirundikia mawe, akaipigia saluti.

Jumanne asubuhi Mama Asumini akavaa gilet, akasimama chini ya kibao kuwasubiri wageni. Ndilo kosa lenyewe. Hapa Goma, kibao kipya na gilet mahali pamoja vina maana moja tu: wanagawa msaada. Mama mmoja aliyekuwa anapita na bidon, dumu lake la maji, akatazama kibao, akatazama gilet, akaweka bidon chini. Wa pili akaweka yake nyuma. Nilipotoka kupiga mswaki, mstari ulikuwa umefika kwa muuza mkaa.

"Hakuna kugawa hapa!" Mama Asumini alipiga kelele. "Ni mimi, Asumini! Hamunijue?"

"Tunakujua," mtu akajibu. "Njo maana tumekuja mapema."

"Nasema hakuna kitu!"

"Njo vile wanasemaka kila mara. Kisha jioni unasikia batu ya mutaa wa Mapendo walipata mafuta."

Hata mama yangu alichungulia dirishani. "Kahindo, mwanangu, kimbia unishikie nafasi."

"Mama, si unajua hakuna kitu?"

"Najua. Shika nafasi."

Nikashika. Nyuma yangu alisimama Papa Aruna. Nilimuuliza anatafuta nini, wakati nyumba ni yake. Akasema: "Mutoto, mke wangu hanielezaka kila kitu."

Mama Asumini aliutazama ule mstari wa watu wenye bidon tupu na mikono isiyo na kazi. Halafu akainua sauti ile ya malori: "Basi, sikilizeni! Mchele hakuna. Maharagwe hakuna. Kuna Muzee Birindwa anaoga na kikombe. Mwenye bidon anifuate kwenye robine!"

Wa mbele walisikia vizuri. Wa katikati walisikia nusu. Mwisho wa mstari habari ilifika hivi: wamebadilisha mahali pa kugawa. Na kwetu mstari ukitembea, unatembea nao, huachi nafasi. Tulikwenda robine, tukajaza, tukaanza kupanda kwa Muzee Birindwa. Kila aliyekutana nasi aliingia nyuma akiuliza wanatoa nini. "Maji," tulimjibu. "Na kisha?" akauliza, akaendelea kutufuata.

Papa Donat na wakubwa walifika, wakakuta kibao peke yake. Wakafuata mkia wa mstari. Papa Donat alipojaribu kupita mbele, mama mmoja akamshika shati: "Panga mustari, papa. Hata wewe."

Akapanga.

Muzee Birindwa alikuwa mlangoni. Fûti lake, pipa la maji, lilijaa, sufuria zikajaa, bakuli la mbwa likajaa. "Asumini, basi! Nilisema naoga na kikombe," alilia, "sikusema nataka ziwa!" Maji yaliyobaki yalikwenda kwa wamama waliojifungua.

Wakubwa walipiga picha, wakapeana mikono. Mama Asumini akauliza habari ya gurudumu.

"La nini tena?" Papa Donat alisema, macho yakimetameta. "Mama, mmeshaimarika! Jamii yote inabeba. Tukileta gurudumu tutawaharibu."

"Na kesho, papa? Kesho hawa watarudi?"

Papa Donat alikuwa ameshaingia kwenye gari.

Watu wakaanza kunung'unika, na aliyenung'unika zaidi alikuwa Julien, seremala anayechonga chukudu karibu na soko. "Nimepanga tangu asubuhi, mama. Sirudi kwangu mikono mitupu."

Mama Asumini akavua gilet, akampa. Julien akaivaa, akajigeuza kwenye kioo cha Muzee Birindwa, akapoa. "Sasa niambie, lile gurudumu lilikuwa la ukubwa gani?"

Alikwenda kutazama ile miguu ya mukaratusi, akaigonga na ngumi, akaleta msumeno.

Leo chukudu inatembea. Gurudumu lake la mbele lilikuwa mguu wa kibao, na kibao chenyewe, kwa vile kilibaki bila miguu, kimefungwa pembeni ya mzigo na jina la Fondation linasomeka vizuri. Papa Donat asiseme hatukuimarishwa. Kila chukudu inapopita Ndosho, watu wanaona kibao, wanaona gilet, wanaingia nyuma na bidon zao. Na kwenye mlima wa Muzee Birindwa, kwa kuwa mstari hauachwi, wanasukuma.